Shati la Mbegu

Jumapili, 5 Februari 1967. Karibu na Sindo.

Daftari hili lilikuwa la mume wangu, Elkanah. Kurasa kumi na nne za mwanzo ni mwandiko wake: Kazi za Ofisa wa Serikali, Kugawa Madaraka, Hati ya Makabidhiano. Kuanzia wa kumi na tano ni langu. Serikali ilimpeleka Uingereza Septemba iliyopita kusomea digrii ya pili, ya utawala wa umma, mwaka mmoja, ili akirudi awe mkubwa. Mimi nimebaki kwao nikiwa mkubwa wa kuku saba.

Kurasa zake nimezisoma zote mara mbili. Shule sikwenda. Nilikulia kambi ya mgodi pale Macalder, ambako baba yangu Gisiri aliendesha pampu, na herufi nilizitoa kwenye vibao. Neno la kwanza nililosoma maishani ni HATARI. La pili ni Elkanah, kwenye karatasi aliyobandika yeye mwenyewe alipokuja likizo ya Makerere kuandika majina ya wafanyakazi. Kambini tulisema Kiswahili, kwa sababu Mkuria, Mjaluo na Mluhya hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania. Hapa pia wananisemesha Kiswahili, kila mmoja kwa uwezo wake. Miaka mitano sasa, bado naitwa nyar Kuria, binti wa Wakuria, hata na watu walionifundisha kusonga kuon, ugali wa mtama.

Alhamisi, 9 Februari

Jua. Mwewe. Kuku sita.

Jumamosi, 11 Februari

Sabato. Baada ya kanisa mama mkwe wangu, Bathsheba, aliuliza swali ambalo kila mtu alidhani mwenzake ameshalifikiria: mvua ikija, nani atapanda?

Hapa mbegu huingia udongoni kwa zamu. Mama kwanza, kwa kuwa Mzee, mumewe, amekufa. Kisha mtoto mkubwa wa kiume: lazima awe amelala nyumbani na mkewe, na asubuhi mke atie mbegu. Ndipo mdogo afuate. Mkubwa ni Elkanah. Mdogo ni Nashon, mvuvi, na mkewe Pauline. Mimi sijapanda, Pauline hawezi kuinua jembe. Akiinua, nyumba yangu imerukwa, na nyumba iliyorukwa huhesabiwa haipo. Mwanamume anayemruhusu mdogo wake apite mbele amesema mbele ya watu kwamba hapo hana nyumba wala mke. Mbegu za vuli Elkanah alizipandia hapa, akaondoka wiki iliyofuata. Za masika hakuna aliyezikumbuka, hata yeye aliyekwenda kusomea kupanga mambo.

Aliitwa baba mdogo, Mzee Javan, ndugu wa marehemu.

"Sisi Wasabato mambo haya tuliyaacha," Mama alisema.

"Basi kapande," Javan akamwambia.

Mama akatazama nje.

Javan akakohoa vizuri, kwa raha. "Mtu akiwa mbali, nguo yake inakaa. Si mpya. Ile imekunywa jasho yake. Atume shati. Itandikwe kitandani kwa bibi yake usiku moja, mbegu chini yake. Asubuhi bibi apande."

"Shati ipande ndege itoke Uingereza?" Pauline aliuliza. "Kuja kulala na nyar Kuria?"

"Posta imebeba uongo mingi ya watu," Javan alisema. "Itashindwa na shati?"

Pauline ana ulimi. Tangu nije hapa namhesabu pamoja na mwewe.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeandika. Mimi ndiye karani wa boma hili. Nashon anajua tarakimu tu, kwa ajili ya samaki. "Tuma shati ulilovaa. Usilifue." Nilitaka kuandika na mengine, lakini Mama alikuwa amekaa karibu akitazama kalamu. Nashon ameipeleka Sindo pamoja na ngege zake.

Jumatano, 22 Februari

Kimya. Nimepalilia kaburi la mtoto wetu, Walter. Angekuwa na miaka mitatu.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua. Majirani wako mashambani, migongo imeinama mpaka kule chini kwenye maji. Shambani kwetu yuko Mama peke yake. Ametia mbegu zake, mistari minne, akarudi, akanawa mikono. Pauline ameegemea mlango wake na jembe.

Ijumaa, 10 Machi

Barua imekuja, bahasha ndefu. Nashon hakuifungua, ila alikuwa ameishika kwa vidole viwili njia nzima ili isinuke samaki. Tukakaa nyumbani kwa Mama: yeye, Javan, Nashon, Pauline na mimi msomaji.

Imepigwa chapa. Ina namba, moja mpaka nne.

Nikasoma ya kwanza kwa sauti. Amepokea barua yetu, ni mzima, baridi ni nyingi, anamsalimu Mama. Macho yangu yalikuwa yametangulia. Ya pili inasema hivi, nainakili:

"2. Kuhusu upandaji. Hakuna sababu kazi ya watu wengi isimame kwa kukosekana mtu mmoja. Kuanzia tarehe ya barua hii Nashon atakaimu nafasi yangu, pamoja na madaraka yote yanayoambatana nayo. Nyangi atapanda baada ya Pauline."

Nyangi ni mimi. Nikakohoa.

"Nini?" Mama akauliza.

"Moshi." Moto haukuwapo. "Anasema shati ameshalitia posta. Liko njiani."

"Na hiyo mbili yote ni shati?" Nashon aliuliza. Tarakimu anazijua, nimeshasema. "Naona mbili ni ndefu."

"Ameeleza rangi."

"Rangi mistari tano?"

"Msomi," Javan akasema. "Akiambiwa andika bluu anaanza na mbingu."

Wakacheka, nami nikatumia kicheko kile kusoma ya tatu kimoyomoyo. Ilisema kutuma nguo hakutawezekana. Kwa sauti nikasema, "Tatu: anamwombea Nashon samaki." Ya nne ilisema mwenye swali amwandikie yeye. Nikasema, "Nne: mumsaidie Nyangi."

Pauline alikuwa akinitazama kooni, pale kikohozi kilipotokea.

Nimerudi kwangu kufungua ukurasa wake wa sita. Kugawa Madaraka: "Mkubwa asiyegawa madaraka husimamisha kazi. Mkubwa anayejua kazi yake humwachia aliye chini." Ameupigia mstari. Kumbe ndivyo. Kozi imempanda kichwani, ameona shamba la mama yake ni ofisi ya wilaya. Ni kosa la mwanafunzi mwenye bidii. Kosa la karani mkubwa husahihishwa na karani mdogo, kimya kimya, kabla halijatoka nje. Hilo halimo daftarini, nimeliona kwa macho yangu Macalder.

Jumanne, 14 Machi. Homa Bay.

Nimeaga kwamba nakwenda kuchukua kifurushi. Shati lilikuwa ndani ya kikapu changu, chini kabisa, tangu nyumbani: lile la bluu aliloacha sandukuni, la kazi. Nilimwomba Mokaya, karani wa posta, karatasi ya kahawia iliyotumika, yenye stempu ya Uingereza.

"Ya kufanyia nini, mama?"

"Kumbukumbu."

"Watu huweka kumbukumbu ya stempu. Karatasi nzima wewe wa kwanza." Akanipa.

Nimekaa chini ya ukuta wa ofisi ya wilaya, chini ya dirisha lililokuwa la Elkanah kabla hajasafiri, nikalifunga shati kama mtoto. Kabla ya kulifunga nililinusa kwapani. Sabuni tu. Nimelivaa mimi mwenyewe nikatembea mpaka ziwani na kurudi, jua la saa saba, chini ya leso, ili liwe na jasho la mtu. Makarani wawili walinipita wakizungumza juu ya mabwana wa ofisi watakaorudi kutoka ng'ambo. Mmoja akasema Elkanah akirudi hatakaa Homa Bay, atapanda juu. Nikaona fahari. Niandike ukweli: niliona fahari, nikiwa nimevaa shati la mume wangu nalitia jasho.

Alhamisi, 16 Machi

Leo nimepanda.

Mama alilifungua mwenyewe jana. Akalinyanyua mbele ya wote, akageuza kola, akashuka na vifungo kimoja kimoja kama anayesoma. Kwenye cha pili akakawia.

"Shati imefika," Mama akasema. "Nyar Kuria, kesho panda."

Asubuhi udongo ulikuwa mweusi na laini. Nilipotia mbegu ya kwanza Pauline alinyanyua jembe mstari wa pili, hakungoja nimalize. "Nilidhani tutakula barua mwaka huu," akaniambia. Nikacheka. Ni mara ya kwanza tunacheka kitu kimoja.

Jumapili, 19 Machi

Nimemwandikia Elkanah: "Shati limefika, ahsante. Tumepanda kwa zamu." Nimetabasamu nilipokuwa nikiandika. Nimemwachia nafasi ya kunijibu kwa utani.

Ijumaa, 7 Aprili

Mahindi yametoka. Barua hakuna.

Jumatano, 26 Aprili

Palizi. Barua hakuna. Pauline ana mimba na kichefuchefu, nimempalilia mistari yake. Akaniita nyieka, yaani mke mwenzake, ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana hapa. Miaka mitano sikuwahi kuisikia kwake.

Jumatatu, 15 Mei

Barua. Haina neno juu ya shati. Ina picha: darasa zima mbele ya ukuta wa matofali, wakubwa wa kesho wa nchi nyingi, wamejipanga safu tatu. Elkanah ana koti jipya na amesimama kama mtu anayesubiri kupimwa. Nyuma ya picha ameandika majina yote, safu kwa safu: wa Ghana, wa Unguja, wa Malaysia, mwalimu na hata mpishi.

Mama aliipeleka kwa majirani watatu. Iliporudi nikahesabu. Watu ishirini na wawili. Majina ishirini na moja. Asiye na jina ni msichana Mwafrika mwenye mkoba, aliyesimama kushoto kwa Elkanah.

Labda alisahau. Kwenye karatasi ndogo hivi mtu husahau.

Jumanne, 16 Mei

Mpishi hakumsahau.

Jumamosi, 3 Juni

Mvua ya mawe, mabua machache yamevunjika, si mabaya. Kanisani mhubiri alimwombea Elkanah kwa jina, apewe hekima ya kuongoza watu. Nikasema amina. Mama hakusema. Nilidhani amesinzia.

Alhamisi, 22 Juni

Mahindi yamenipita kimo. Nikisimama katikati nyumba siioni.

Jumatatu, 10 Julai

Amefaulu. Atakuwa hapa mwisho wa mwezi. Mistari minne, imeandikwa kwa Mama. Nimemsomea bila kubadilisha chochote, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza.

Ijumaa, 28 Julai

Amekuja na Landrova ya serikali. Amenenepa shingo. Alimkumbatia Mama, akampa Nashon mkono, nami akanipa mkono. Watu walikuwa wengi, nikasema moyoni ni kwa ajili ya watu. Wakachinja. Javan akamweleza kila mgeni kwamba msomi huyu hata shati lake lina adabu, lilitoka ng'ambo kuja kupandisha mahindi ya mama yake. Nilimwona Elkanah akiacha kutafuna.

Alasiri akaniambia twende tuone shamba. Tulisimama kwenye mstari wa kwanza, upande wa ziwa. Naandika tulivyosema, sitaki baadaye nijidanganye.

"Nani alipanda kwanza?"

"Mama. Kisha mimi. Kwa shati lako."

"Sikutuma shati."

"Najua. Nilikuwapo lilipofungwa."

Hakucheka. "Barua yangu uliwasomea?"

"Namba ya kwanza tu. Nyingine niliona umekosea, nikazirekebisha. Nilisema umesoma sana mpaka umesahau ya nyumbani."

Alivunja jani la hindi, akalikunja, akalikunja tena. "Nyangi, mimi ni mtoto wa hapa. Hilo hata mtoto wa miaka sita analijua."

Nikangoja. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilimngoja, maana kuna mambo mtu hapaswi kusaidiwa kuyasema.

"Nilitaka lipite kwa utaratibu," akasema. "Nashon apande, mama aone nyumba imerukwa, Javan atume watu kwa baba yako. Yangekwisha polepole. Hakuna ambaye angemtukana mwenzake. Ningekuta yamekwisha."

"Kwa hiyo ulinifukuza kwa barua ya kikazi. Na mimi ndiye uliyenipa niisome kwa sauti."

"Sikufikiria nani atasoma."

Hilo nilimwamini. Ndilo lililoniuma kuliko mengine yote, kwamba nilimwamini.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Wa ishirini na mbili."

Alifahamu mara moja. "Dolphine. Alikuwa anasomea maktaba palepale. Nimepangiwa Nairobi, Nyangi. Watakuja wageni, mabalozi, watu wa wizara. Anahitajika mtu aliyekaa darasani. Si kosa lako."

Sikumwambia habari za kurasa kumi na nne. Nilimuuliza, "Na Walter?"

Akatazama ziwa. "Walter yuko nyumbani," akasema.

"Basi waambie watu wako leo. Wote wapo, wameshiba. Nyumba yangu imesimama, nimeipanda mwenyewe. Sasa itabidi uiangushe kwa mdomo wako."

"Kesho," akasema. "Baada ya kanisa."

Jumamosi, 29 Julai

Landrova iliondoka kabla ya kanisa. Amemwambia Mama anatakiwa kuripoti kazini mapema. Hakuna alichosema kwa mtu.

Jumapili, 30 Julai

Nimekaa siku nzima nafikiri, mikono imelala.

Naweza kubaki. Kwa watu wa hapa mimi ndiye mke wa mkubwa, mahindi yanashuhudia. Yeye hatakuja kusema kitu, sasa namjua. Nitazeeka hapa nikiwa mke wa shati.

Au naweza kuondoka leo. Lakini hapa mke wa mkubwa akishapanda, ndiye anayefungua mavuno. Mahindi yamekauka vizuri na hakuna mwenye ruhusa ya kuvunja hata moja kabla yangu. Nikiondoka sasa wakae wayatazame mpaka ndege wamalize. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kuandikwa. Nililiona tamu. Kisha Pauline akapita na tumbo lake na ndoo, akaweka nusu ya maji yake mtungini kwangu bila kuulizwa.

Jumanne, 1 Agosti

Nimefungua mavuno. Nilivunja hindi la kwanza, nikalipeleka kwa Mama, kisha Pauline akaingia na kikapu. Mahindi ni mazito. Mwaka mzuri.

Mama alinikuta ninafunga vitu. Hakuuliza ninakwenda wapi. Akakaa juu ya sanduku.

"Lete hiyo shati."

Nikampa. Akaweka kidole kwenye kifungo cha pili.

"Hii nilishona mimi. Nyeupe iliisha, nikashona na uzi nyeusi. Siku anaenda, yeye alivaa ingine. Hii ilibaki kwa sanduku."

"Ulijua tangu Machi?"

"Tangu uliposoma. Barua zote unasoma, hujawahi kukohoa."

"Na ukaniambia nipande."

"Mtoto wangu aliandika kitu sikutaka kusikia. Wewe ulinisomea kitu nilitaka." Alilikunja shati, akalikunjua. "Nilifikiri akija, akute mahindi imesimama, ataona haya."

"Hakuona, Mama."

"Hakuona," akasema.

Jumatano, 2 Agosti

Ukurasa wa kumi na mbili: "Ofisa anayeondoka ataacha hati ya makabidhiano, ili anayepokea asianze gizani. Wote wawili watie sahihi." Pauline hasomi, kwa hiyo nimemkabidhi kwa mdomo, huku akirudia nyuma yangu.

Kuku watano. Mweupe hutaga kwenye kikapu cha nyavu za Nashon, usiwaambie. Paa linavuja upande wa ziwa. Mama hapewi dawa ya macho yake kabla hajala, atakudanganya kwamba amekula. Barua zikija, mpeleke mwalimu wa Sindo azisome, na umtazame kooni.

"Kooni," Pauline akarudia.

Kaburi la Walter, palizi mara moja baada ya kila mvua. Jiwe la upande wa kichwa lisisogezwe.

Hapo hakurudia. Nikamwambia rudia. Akasema, "Nyieka, hiyo najua." Nilimpa kalamu aweke alama. Aliishika, kisha akaiweka chini, akashika mkono wangu ulioishika kabla yake. Hati yangu imebaki bila sahihi.

Jumapili, 6 Agosti. Kehancha.

Baba hakuniuliza kitu. Mgodi ulipofungwa mwaka jana alirudi huku kwao, na kimya cha kambini alirudi nacho.

Leo ndipo nimefungua kikapu changu mpaka chini. Mama alikuwa ametia kitu nilipokuwa nikiaga: magunzi sita ya mbegu, mahindi yake bado yameshika, yale makubwa ya mstari wangu, yamefungwa ndani ya shati la bluu. Kifungo cha pili kimekatwa. Uzi mweusi umebaki.

Baba alikuja akayatazama. Akanionyesha kwa fimbo kipande kilicho nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mkonge.

"Mvua ya vuli iko karibu," akasema. "Panda siku utakayotaka. Hapa huna wa kumngoja."

Alisema kwa wema. Ndipo nikalia.